Neno la Mwisho Katika Nchi ya Tamko

Nchi ya Tamko haimo katika ramani yoyote ya shule, wala hakuna aliyewahi kuitafuta kwa raha zake. Wanaofika huko huitwa na habari mbaya. Ndivyo alivyofika Sikudhani binti Mwinshehe, mshonaji wa magodoro ya sufi, mwanamke mcha Mungu aliyekaribia miaka hamsini, alipoambiwa kwamba mdogo wake Pazi amekamatwa huko kwa kosa la kusababisha vita.

"Pazi?" alimwuliza aliyeleta habari. "Pazi huyu anayekimbia bata?"

"Huyo huyo, mama. Kesi yake ni Alhamisi."

Pazi alikuwa ameishi Tamko miaka kumi na mmoja. Kwa kuwa Mungu alimjalia sauti nzuri, Serikali ilimpa kazi ya Mwitika, yaani mtu anayesimama mbele ya askari kabla hawajakwenda vitani, akiomba dua na kuifunga kwa kusema Amina. Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Haikuzidi robo saa, na vita havikutokea kila mwezi.

Sikudhani alifikia kwa jirani wa Pazi, Bi Tuliza, mjane aliyekuwa mshonaji kama yeye. Asubuhi ya kwanza alipewa uji katika bakuli, akatazama huku na huku.

"Samahani dada, kijiko kiko wapi?"

Bi Tuliza aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akamziba mgeni mdomo kwa kiganja. "Usilitaje hilo! Unataka dari lituangukie?"

Akaenda kufunga dirisha, kisha akamweleza kwa sauti ya chini sheria ya nchi ile. Ilikuwa moja tu, na nyingine zote zilizaliwa nayo: sababu ya jambo ni neno la mwisho lililotamkwa kabla jambo hilo halijatokea. Nyumba ikianguka, watu wa Tamko hawaangalii nguzo wala mchwa. Wanauliza nani alikuwa anasema, na alisema nini. Huko mtaa wa pili ukuta uliwahi kumwangukia mgeni mara tu mwenyeji alipomwambia karibu, na tangu siku hiyo katika mtaa ule hakuna anayemkaribisha mtu. Mzazi mmoja alipofia mikononi mwa mkunga aliyekuwa akimwambia sukuma, neno hilo lilipigwa marufuku, na sasa wakunga wanafanya kazi kwa ishara za mikono, na wazazi wanazidi kufa.

"Na hicho kitu cha kulia uji?"

"Watu walijifanya wajanja," alisema Bi Tuliza. "Kila mtu akiogopa jambo, alikuwa analitaja hilo neno mwishoni, ili likitokea la kutokea lihukumiwe lenyewe. Mtu anavuka barabara, analitaja. Anapanda ngazi, analitaja. Basi likahukumiwa mara nyingi mno. Ikaonekana ndicho kitu cha hatari kuliko vyote nchini. Vikakusanywa vyote vikafukiwa."

Sikudhani alitaka kucheka, lakini uso wa mwenyeji wake haukuwa na utani hata kidogo. Akanywa uji wake kwa kuinamisha bakuli.

Vita vyenyewe vilikuwa kati ya watu wa Juu na watu wa Chini. Wote ni watu wa Tamko, wanasema lugha moja, wanamwomba Mungu mmoja, na mto unaowanywesha ni mmoja. Tofauti yao ni kwamba wa Juu huomba wakiwa wameelekea kilima na wa Chini wameelekea bonde. Lango la mfereji lilifungwa huko Juu, mashamba ya Chini yakakauka, na miezi minne iliyopita watu wakaanza kuuana. Walipofikia idadi fulani ya maiti, vita vilisimamishwa, kama sheria inavyotaka, ili Baraza la Sababu likae na kutafuta sababu. Sababu ikishapatikana na kuandikwa, vita huendelea.

"Huendelea?" Sikudhani alidhani hakusikia vizuri.

"Sasa ulitaka vibaki nusu?" alijibu Bi Tuliza.

Mchana walikwenda kumwona Pazi. Alifungiwa katika banda la mabati kando ya uwanja wa gwaride, mguu mmoja umetiwa mnyororo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda kama uzi, Pazi."

"Na wewe umenenepa. Magodoro yamekukubali."

Walicheka kidogo, halafu Sikudhani akashindwa kuendelea. Alishika vidole vya mdogo wake kupitia tundu la bati na kumwuliza watamfanya nini.

"Mwitika akipatikana na hatia anawekwa mbele ya jeshi, mikono mitupu," alisema Pazi. "Ili awe wa kwanza kukutana na alichokisababisha. Watatu walionitangulia wote walikwenda hivyo."

"Na ukajua hilo ukaikubali kazi?"

"Kila mmoja wetu alidhani vita vyake vitakuwa vya mwisho, dada."

"Lakini si wewe uliyevianzisha! Wewe hata paka humtumi akatumika."

Pazi alisogea karibu na tundu. "Askari anaogopa kufa," alisema. "Kapteni anapiga kelele, anatukana, hawaendi. Nikisema Amina, wanakwenda. Mimi ndiye ninayewapa miguu. Usisahau hilo utakapokuwa unanitetea."

Usiku ule Sikudhani aliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alimwambia Mungu kwamba hakuja kumwokoa ndugu yake peke yake. Alikuja pia kwa sababu jina Lake limeandikwa katika kesi, na yeye hakuweza kukaa nyumbani akishona magodoro huku jina hilo likitukanwa.

Jumatano alikwenda kuutazama Ukuta wa Sababu, ulioko mbele ya Baraza. Vita arobaini vya nchi ile vimechongwa humo vyote, kila vita na sababu yake. Sikudhani alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Amina. Amina. Amina. Katikati aliona vita tisa vyenye maneno mengine: Taifa, Haki, Mbele, Heshima, na mengine ya namna hiyo. Akamwuliza karani aliyekuwa akifuta vumbi ukutani, kijana mpole aliyeitwa Nukuu, hivyo tisa vilikuwa vya wakati gani.

"Hivyo ni vya miaka saba ya Kufunga, mama. Baraza liliona dini ndiyo chanzo cha vita, likafunga nyumba zote za ibada. Viongozi wa dini wakatumwa kuchimba mitaro."

"Na vita vikaisha?"

"Vilikuwa tisa katika miaka saba," alisema Nukuu. "Kabla ya hapo vilitokea mara moja kwa miaka minne au mitano. Maneno yale yote yalipigwa marufuku, ikabidi ibada zifunguliwe ili jeshi lipate neno la kuondokea."

"Sasa wewe ukitazama hapa, mwanangu, huoni kitu?"

Nukuu alitazama ukuta kwa makini, kama mtu anayetafuta kosa la herufi. "Naona hapo juu pamepauka," alisema. "Nitapaka chokaa."

Jioni Sikudhani alimsimulia Bi Tuliza. Walikuwa wanashona pamoja, kwa kuwa mikono yao haikuzoea kukaa bure, na Sikudhani aliona kwamba mwenzake anashona turubai nzito, lenye mikunjo miwili mirefu ya kupitishia miti.

"Hii ni nini? Si godoro."

"Machela. Ya kubebea majeruhi. Tuliletewa kazi hii mafundi wote wa mtaa."

"Mlianza lini?"

Bi Tuliza alihesabu kwa vidole. "Mfungo uliopita. Miezi sita sasa."

Sindano ya Sikudhani ilisimama. "Miezi sita? Na vita vina minne?"

Bi Tuliza aliona alichokisema, akaziba mdomo wake mwenyewe safari hii. Alimsihi asimtaje. Sikudhani aliahidi, ila aliomba machela moja, kuukuu, yenye muhuri wa tarehe wa bohari. Alipewa, akailalia kama mto mpaka asubuhi.

Baraza la Sababu halikai ndani. Linakaa uwanjani, chini ya turubai, mbele ya jeshi la Juu lililosimama mistari kwa mistari, kwa kuwa hukumu ikitoka askari wanaondoka papo hapo. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Thabiti, mtu mzima mwenye sauti ya upole, ambaye mashamba yake ya michungwa ndiyo yaliyo ya kwanza kunywa maji ya mfereji kule Juu. Hilo halikufichwa. Lilionekana kuwa sifa, kwamba anayafahamu maji.

Nukuu alisoma shtaka. Siku ya tarehe fulani, saa mbili asubuhi, Mwitika Pazi alitamka Amina. Saa mbili na dakika mbili risasi ya kwanza ikalia. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja wao alisimama akasema kwa uchungu wa kweli kwamba amechoka kuona dini ikimwaga damu ya vijana.

Sikudhani aliruhusiwa kusema. Alisimama, akaitandaza machela mbele yao.

"Waheshimiwa, mimi si msomi. Mimi ni fundi. Najua kwamba nguo hushonwa baada ya mtu kupimwa. Hii ni nguo ya majeruhi, na muhuri huu hapa ni wa miezi miwili kabla mdogo wangu hajafungua kinywa. Nani aliyempima majeruhi kabla hajajeruhiwa? Nani aliyejua watakuwa wengi hivi?"

Wajumbe waliisogelea machela, wakaishika, wakasoma muhuri. Mheshimiwa Thabiti alivaa miwani.

"Ni kweli kabisa," alisema. "Tarehe ni sahihi, na ushonaji ni mzuri. Wizara ilijiandaa mapema, inastahili pongezi. Lakini machela haisemi, mama. Haikutamka neno."

"Lango la mfereji nalo lilifungwa kabla!"

"Lilifungwa, na komeo halikutoa hata mlio. Nilikuwepo mwenyewe."

"Na ule ukuta wenu? Mlipofunga ibada vita viliongezeka!"

"Hapo ndipo tulipoiogopa dini," alijibu Mwenyekiti, na sauti yake haikuwa na dhihaka. "Kama inaweza kusababisha vita tisa ikiwa imefungiwa, fikiria ikiwa wazi."

Kelele za kukubali zikapita uwanjani. Sikudhani alianza kuikunja machela yake. Ndipo sauti ikatoka katika mstari wa tatu wa askari.

"Mheshimiwa, mimi nilisema kitu."

Alikuwa askari mwembamba, jina lake Shibe. Aliletwa mbele. Alisema kwamba siku ile, baada ya Amina na kabla ya risasi, alimgeukia mwenzake aliyekuwa na kibuyu, na akamwambia neno moja.

"Neno gani?"

"Maji."

Nukuu aliinua kalamu, na uso wake ukang'aa kama wa mtoto aliyepata jibu. Kwa sheria ya nchi ile, neno la mwisho halikuwa Amina. Sababu ya vita ilikuwa Maji. Baraza la Tamko lilikuwa limeufikia ukweli, tena kwa njia ya upumbavu wake wenyewe, na Sikudhani alimshukuru Mungu kimoyomoyo huku machozi yakimtoka.

Wajumbe walijikusanya wakanong'ona. Mheshimiwa Thabiti alikunywa glasi yake ya maji, akaiweka chini, akaisogeza mbali kidogo.

"Wewe askari, siku ile ulikuwa na kiu?"

"Sana, Mheshimiwa. Tulisimama tangu alfajiri."

"Kama usingekuwa na kiu, ungesema hivyo?"

"Nisingesema."

"Basi si wewe uliyesema. Ni kiu iliyosema." Akawageukia wenzake. "Mtu akipiga chafya, tunaandika? Mtu akiumwa na jino akaguna, tunaandika? Kiu ni ugonjwa wa koo. Kilichotoka kwa askari huyu ni mlio uliofanana na neno."

"Lakini nilisema kwa akili zangu!" alipinga Shibe.

"Kijana, bado una kiu mpaka sasa. Midomo yako imekauka. Mpeni maji."

Alipewa, akayanywa yote, kwa sababu kweli alikuwa na kiu. Watu walipoona anavyokunywa walisema Mwenyekiti ameona mbali. Wajumbe wakapiga kura, mikono yote ikainuka. Nukuu akaandika, na uso wake ukarudi kama ulivyokuwa.

Sababu: Amina.

Kabla ya kumtoa Pazi mbele ya jeshi, Mheshimiwa Thabiti alimpa nafasi, kama desturi. Jeshi linaondoka sasa hivi na linahitaji dua ya kuondokea. Kama atakubali kuitamka tena, adhabu ya safari hii itasogezwa mpaka kesi ijayo.

Pazi alitazama mistari ya vijana. Alimtazama dada yake. Akafunga mdomo, akaubana kwa meno mpaka midomo ikawa myeupe. Walimwuliza mara tatu.

"Sema, Pazi!" alilia Sikudhani bila kujua anamwambia nini. "Sema upone!"

Pazi alitikisa kichwa. Wakamfungua mnyororo wakamvuta mpaka mbele ya safu ya kwanza, mikono mitupu, uso umeelekea Chini. Lakini jeshi halikutoka. Kapteni alipiga kelele, alitukana, na hakuna aliyeinua mguu, kwa sababu hakuna aliyewaombea. Wakaitwa waitika wengine wa mjini. Mmoja alisema anaharisha, mwingine hakupatikana nyumbani. Jua lilikuwa kali. Vijana walisimama na bunduki zao wakisubiri, na baadhi yao walianza kutazamana kwa namna ambayo Mheshimiwa Thabiti hakuipenda.

Sikudhani alipiga magoti palepale kwenye vumbi. Hakuwa tena na hoja. Aliinamisha kichwa akamwambia Mungu kila kitu kwa moyo, bila sauti: kwamba hawa ni watoto, kwamba wa Chini nao ni watoto, kwamba amewaona wanavyotazamana na huenda kitu kidogo tu kinahitajika ili warudi makwao, awahurumie, awalegeze mikono, asiache hata mmoja auawe au aue. Aliomba hivyo kwa nguvu zake zote, akajisahau. Na kama alivyofanya kila siku ya maisha yake tangu utotoni, alipofika mwisho wa dua mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Amina."

Hakulisema kwa sauti kubwa. Lakini uwanja ulikuwa kimya, na wale vijana walikuwa wakilingoja neno hilo tangu asubuhi.

Mguu wa kwanza uligonga ardhi, halafu wa pili, halafu yote. Safu ya kwanza ilimpita Pazi kulia na kushoto kama maji yanavyolipita jiwe. Sikudhani aliinua kichwa akaona viatu. Alipiga kelele, "Hapana! Sikuwaombea hivyo! Rudini!" lakini mlio wa viatu ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa kuliko sauti ya mwanamke mmoja. Shibe alipita karibu yake, akamwinamia kwa heshima.

"Ahsante, mama," alisema. "Sasa siogopi."

Dakika chache baadaye, upande wa bonde, risasi ilisikika.

Nukuu alimjia akiwa na daftari lake. Alimweleza kwa adabu kwamba kipindi kipya cha vita kina sababu mpya, na kwamba sheria hairuhusu vita vimoja kuwa na sababu mbili. Kwa hiyo ile ya ndugu yake imefutwa na yuko huru. Sikudhani mwenyewe hatawekwa mbele ya jeshi, kwa kuwa ni mgeni, si mkazi kama Pazi. Mgeni anaandikwa tu, halafu anasindikizwa mpakani. Na yote yaliyosemwa baada ya Amina yalizama katika mlio wa viatu, na kisichosikika barazani si neno.

"Andika kwamba niliomba amani," alisema Sikudhani. "Nakuomba, mwanangu. Andika nilichoomba."

Nukuu alipindua daftari akamwonyesha ukurasa. Palikuwa na mstari wa tarehe, mstari wa jina, na mstari wa neno la mwisho. Mstari mwingine haukuwepo.

Mheshimiwa Thabiti alikuja kumuaga yeye mwenyewe, akamshika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Alisema katika miaka yake yote barazani hajawahi kupata sababu safi kama hii: ya dini, tena ya kutoka nje.

Ndugu wawili walitembea mpaka mpakani, askari wa kuwasindikiza akiwa nyuma yao. Milio kutoka bondeni ilikuwa imeshikana sasa, hakuna tena wa kuihesabu. Sikudhani alikuwa amempata aliyemfuata. Alimwona kwa pembe ya jicho, mzima, akichechemea kwa sababu ya mnyororo, na hakuweza kufurahi. Walipovuka alisimama.

"Pazi, niliomba wasiuane. Mungu anajua. Sikuomba lingine."

Pazi alikaa chini kando ya njia, akakisugua kifundo cha mguu wake kwa muda mrefu.

"Afadhali wewe, dada," alisema mwishowe. "Mimi niliomba tushinde."